Ndoa ya Mkwaju na Tunu

Kuna ndoa moja ambayo Watanzania wa rika langu tunaifahamu kuliko tunavyozifahamu ndoa za majirani zetu, nayo ni ndoa ya Mkwaju na Tunu. Harusini hatukualikwa, pilau hatukula, na sura zao hatukupata kuziona, maana watu hao walikuwa sauti tu. Hata hivyo, kuanzia Julai 1993, mara 2 kila wiki, kwa muda wa nusu saa, tuliingia nyumbani kwao bila kupiga hodi, tukasikiliza magomvi yao, mapatano yao na kununiana kwao. Mchezo huo wa redio uliitwa Twende na Wakati, nao ulitangazwa na Radio Tanzania Dar es Salaam.

Wanaoandika historia ya nchi yetu huanza na wakoloni, wakaja kwenye Vita vya Maji Maji, TANU, Uhuru, Azimio la Arusha na Vita vya Kagera. Sina ugomvi nao. Lakini nimefundisha somo hilo katika shule za msingi kwa miaka mingi, na nimeona kwamba ipo historia nyingine isiyomo katika mtaala. Ni historia ya mambo ambayo mume na mke waliweza kuambiana, na yale ambayo hawakuweza. Historia hiyo nayo ina miaka yake, ina mashujaa wake, na ina makaburi yake. Kwa hiyo naomba msomaji anivumilie nikiitazama ndoa ya watu wa kubuni kama mtu anavyotazama hati ya kale.

Msomaji kijana huenda asielewe uzito wa redio siku zile. Utangazaji ulianza Dar es Salaam mwaka 1951 kwa kituo kidogo cha serikali ya kikoloni. Baadaye lilifuata Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, chombo cha serikali. Visiwani walikuwa na redio yao. Huku Bara tulikuwa na sauti moja tu mpaka sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilipofungua mlango kwa watu binafsi, na Radio One ikaingia hewani mwaka 1994. Kwa hiyo Mkwaju alipoanza kuwasha lori lake, hakuwa na wa kushindana naye. Aliyekuwa na redio alisikiliza. Asiyekuwa nayo alikwenda kwa jirani mwenye redio na kukaa mkekani. Betri zikichoka tulizianika juani, nazo zikafufuka kwa siku mbili tatu. Michezo tulikuwa tumeizoea. Tulikwisha kucheka na Pwagu na Pwaguzi, na watoto wetu walikua na Mama na Mwana. Lakini mchezo wa kutuingiza chumbani kwa mume na mke hatukuwa tumeuzoea hata kidogo.

Mbegu yake ilitoka mbali. Huko Mexico, katika miaka ya 1970, mtunzi na mwongozaji wa televisheni aitwaye Miguel Sabido aliona jinsi watu wanavyoshikwa na michezo ya mfululizo, akajiuliza kama mapenzi na machozi yale hayawezi kubeba na mafunzo. Mwaka 1977 alianza kuonyesha mchezo wa Acompáñame, uliohusu uzazi wa mpango. Wazo lake likasafiri. India walikuwa na Hum Log mwaka 1984 na 1985. Majirani zetu wa Kenya wakawa na Tushauriane kwenye televisheni na Ushikwapo Shikamana redioni, yote miwili katika mwaka 1987. Zamu yetu ilipofika, fedha zilitoka Shirika la Umoja wa Mataifa la Idadi ya Watu, na utaalamu ukatoka kwa shirika moja la New York lililoshughulikia mawasiliano ya idadi ya watu. Watunzi na waigizaji, lakini, walikuwa wetu, na Kiswahili kilikuwa chetu. Hata Waingereza, ambao BBC yao imekuwa ikitangaza mchezo wa The Archers nchi nzima tangu tarehe 1 Januari 1951, walianza kwa shabaha kama hiyo. Wizara yao ya Kilimo ilitaka wakulima wazalishe zaidi wakati chakula bado kilikuwa cha mgawo baada ya vita. Wakulima walifuata mbolea na mbegu, wakabaki kwa ajili ya ndoa za watu wa kijiji kile.

Sabido alikuwa na kanuni yake. Katika kila mchezo awepo mtu mbaya ambaye mwishowe anavuna alichopanda, awepo mtu mwema anayefanikiwa, na katikati awepo mtu anayeyumba, anayejifunza polepole kwa kuanguka na kuinuka. Kwetu, mbaya alikuwa Mkwaju. Miongoni mwa wema alikuwamo Fundi Mitindo, fundi cherehani, mtu wa kuzungumza na mkewe. Na yule wa katikati, aliyekuwa roho ya mchezo mzima, alikuwa Tunu.

Majina hayo hayakutolewa ovyo. Mkwaju ni mti unaozaa ukwaju, tunda chachu, na fimbo yake ni ngumu. Tunu ni zawadi ya thamani, kitu cha kutunzwa. Mkwaju alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu. Kila kituo alikokoma alikuwa na mwanamke, na fedha zake ziliishia kwenye pombe na kwa hao wanawake. Nyumbani alifika kama mgeni mkali. Tunu alimpokea, akampashia maji ya kuoga, akampa chakula, akanyamaza. Watoto walikuwapo, na miaka ya ndoa ilikuwa imekwisha kurundikana. Tulimsikia akinyamaza, maana redioni kunyamaza nako kunasikika.

Mimi nilikuwa naishi katika mji mmoja ulioko kando ya barabara kuu ya kwenda Zambia, na hapa sikuhitaji mtunzi kunieleza. Barabara ile ilijengwa baada ya mwaka 1965, walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao na Zambia ikabanwa, haina njia ya kufikia bahari kwa usalama. Ilitengenezwa kwa nia njema ya ukombozi wa Afrika. Juu yake yalipita mafuta kwenda na shaba kurudi, na kando yake ikachipuka miji ya kulala madereva: Chalinze, Mikumi, Makambako, na mwisho Tunduma mpakani, ambako lori liliweza kukaa siku kadhaa likingoja karatasi za forodha. Dereva alikuwa na mshahara na posho ya safari wakati mwalimu kama mimi nilikuwa nahesabu shilingi. Alileta mchele wa Kyela na viazi vya Uporoto, akatoa lifti, akanunua soda. Binti wa miaka 17 anayeuza ndizi kwenye sinia akimwona mtu wa namna hiyo, haoni hatari. Anaona sabuni, viatu na ada ya mdogo wake.

Na hatari ilikuwa imekwisha kuingia. Wagonjwa 3 wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na kufikia mwaka 1986 mikoa yote ya Bara ilikuwa imetoa taarifa za wagonjwa. Kule Kagera waliuita Juliana, kwa jina la kitambaa kilichokuwa kikiletwa na wafanyabiashara kutoka Uganda. Kwetu tulikuwa na maneno yetu: amekanyaga waya, ana ngoma, amepata umeme. Vijana wa stendi walizichukua herufi za jina la Kiingereza la ugonjwa huo wakazipa maana yao: Acha Iniue Dogodogo Siachi. Mzaha ule ulikuwa wa woga. Mtu akishindwa kulitaja jambo mbele ya mkewe, hulitaja kwa kicheko mbele ya wenzake.

Ndani ya nyumba, kimya. Nasema hivi kwa sababu nilikuwa ndani ya nyumba mojawapo. Mimi na mume wangu tulioana mwaka 1978. Hakuwa dereva wala mlevi, na sina malalamiko ya kuandika kitabuni. Lakini kwa miaka 15 tulikuwa tumezungumza kila jambo, shamba, ada, misiba ya kwao na ya kwetu, isipokuwa jambo la kitandani na idadi ya watoto. Mambo hayo yalijiendea yenyewe, kama mvua. Mimi nilifundwa na shangazi yangu kwamba mke mwema haulizi, na yeye alifundwa na wajomba zake kwamba mume hasemi. UMATI walikuwa wakitoa huduma za uzazi wa mpango nchini tangu mwaka 1959, na nesi katika zahanati yetu alikuwa akitueleza kwa upole, lakini wanawake tulikwenda kwa kificho, kadi tukaziacha palepale zahanati ili zisionekane nyumbani.

Basi mchezo ulipoanza, mume wangu alikuwa na desturi yake. Muziki wa kufungulia kipindi ukilia, alitoka nje, akasema anakwenda kutazama kuku. Kuku wenyewe walilala chini ya dirisha la sebule. Kwa majuma mengi alisikiliza akiwa nje na mimi nikasikiliza nikiwa ndani, kila mmoja akijua kwamba mwenzake anasikiliza. Siku moja, kipindi kilipokwisha, alisema kupitia dirishani: "Huyu Mkwaju atamwua yule mwanamke." Nikajibu, "Na mwanamke afanye nini?" Akanyamaza kidogo, halafu akaingia ndani, akaketi. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya kwanza. Tuliyazungumza ya Tunu na Mkwaju mpaka usiku, na sisi wenyewe tulikuwamo humo ndani ya hao wawili. Mwaka uliofuata tulikwenda zahanati pamoja, kadi ikaja nyumbani.

Simulizi kama hili si langu peke yangu. Jina la Mkwaju lilitoka redioni likaingia mitaani. Mume aliyechelewa kurudi aliulizwa mlangoni kama naye amekuwa Mkwaju. Kwenye mabasi na vilabuni likawa tusi na utani pia. Mwigizaji aliyetoa sauti ya Mkwaju alisimuliwa kushambuliwa kwa mawe sokoni na mwanamke aliyeijua sauti yake. Walikuwapo vile vile vijana waliomhusudu. Niliwasikia kwa masikio yangu pale stendi wakihesabu wanawake wake kama mtu anavyohesabu magoli. Hao walicheka mpaka siku Mkwaju alipoanza kukohoa.

Katika mabadiliko yote ya Tunu, la kwanza lilikuwa dogo sana. Alianzisha biashara ndogo ili watoto wale. Wasikilizaji wa leo wangeliona jambo la kawaida, lakini sisi tulijua lilikotoka. Mwaka 1983 kulikuwa na kampeni ya Nguvu Kazi, na wachuuzi wadogo walikamatwa mijini na kurudishwa vijijini kama wazembe. Miaka 3 baadaye, mwaka 1986, serikali ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, shilingi ikashushwa thamani, na mshahara wa mwezi ukawa hautoshi hata wiki mbili. Wake za makarani, walimu na hata wakubwa wakaanza kukaanga maandazi, kufuga kuku, kushona vitambaa. Tuliita miradi. Wanaume wengi walidharau miradi hiyo mpaka walipogundua kwamba ndiyo inayopika. Tunu aliingia redioni akiwa mmoja wa wanawake hao. Mwanamke mwenye fedha zake mwenyewe kwenye pindo la khanga hainamishi kichwa kwa namna ileile, na watunzi walilijua hilo.

La pili lilikuwa kubwa. Tunu alipotambua hatari aliyoletewa nyumbani, aliondoka kwa Mkwaju. Mtaani kwetu jambo hilo lilizua mabishano yaliyochukua mwezi mzima. Wazee walisema ndoa ni kuvumilia. Mama mmoja jirani, mtu wa kanisani sana, alisema kwamba uvumilivu una mwisho wake na mwisho huo ni kaburi. Kila mtu alitaka kujua sheria inasema nini, wakaja kwangu kwa kuwa ni mwalimu.

Sheria ilikuwapo, tena ya zamani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilikataza mwenzi yeyote kumpiga mwenzake kwa kisingizio cha kumrudi. Iliruhusu mke kudai talaka mahakamani kama mume, baada ya kupitia baraza la usuluhishi. Na ilisema mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja igawanywe. Swali likawa, kupika na kulea ni juhudi? Jibu lilitolewa mwaka 1983 katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Mume alikuwa baharia, mke alikaa nyumbani, na mahakama za chini zilimwambia kuwa hakuchangia nyumba ile kwa lolote. Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu Nyalali akiwa miongoni mwa waamuzi, ilikataa fikra hiyo, ikasema kazi za mke nyumbani ni mchango. Hiyo ni hatua kubwa katika historia yetu, na wanafunzi wa sheria huisoma mpaka leo. Lakini Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu katika rufani hiyo, kwa kuwa mahakama iliona kwamba fedha alizokwisha kupewa na mumewe kwa ajili ya mradi wa familia, naye akazitumia vibaya, zilitosha kuwa fungu lake. Nimemfikiria mara nyingi mama huyo, aliyewafungulia wenzake mlango, akarudi kwao mikono mitupu. Kwa hiyo nilipoulizwa sheria inasemaje kuhusu Tunu, nilijibu kwamba sheria inamruhusu kuondoka, lakini haimwambii atalala wapi.

La tatu ndilo lililotugawanya zaidi. Mkwaju aliugua. Vile vifua vilivyocheka stendi vikanyamaza. Marafiki wa bia hawakuonekana, na wale wanawake wa vituoni hawakuja. Aliyekuja kumwuguza alikuwa Tunu. Alimhudumia kwa huruma mpaka Mkwaju akafa kwa UKIMWI.

Je, ilikuwa sawa? Wapo waliosema watunzi walitaka kutufundisha kwamba mgonjwa asitupwe, na hilo lilikuwa somo la lazima. Wakati ule wagonjwa waliwekwa vibanda vya nyuma, wakapewa sahani zao peke yao, na watu waliogopa hata kuwaosha. Wengine, hasa wanawake wenzangu, walikasirika. Walisema mwanamke wa Kiafrika hata akiondoka lazima arudishwe aoshe na kufua. Amepigwa akiwa mke, na sasa anatumwa akiwa ameachana. Mimi sikujua niegemee wapi, kwa sababu mwenye jibu alikuwa chini ya paa la mama yangu.

Mdogo wangu aliolewa na dereva wa kampuni moja ya usafirishaji. Shemeji yangu yule alikuwa mcheshi na mkarimu, na hakuwahi kumpigia mke kelele. Nalisema hili kwa makusudi, maana mchezo ulitufanya tudhani kwamba Mkwaju hutambulika kwa ukali wake. Shemeji alianza kuugua mwaka 1995. Mdogo wangu hakuwa ameondoka, na hakurudi kutoka popote, alikuwapo tu. Alimwuguza kwa mama yetu kwa kuwa ndugu za mume walikuwa wamechoka. Nilikwenda likizo ya Desemba kumsaidia. Jioni moja tulisikiliza redio pamoja, na kipindi kilipokwisha nikamwambia kwamba naye ni Tunu wetu. Hakufurahi. Alisema, "Dada, wale wa redio wanazima mtambo saa moja. Mimi saa moja ndiyo naanza kufua mashuka."

Nilimwuliza kama ana uchungu na mumewe. Alifikiri sana, kisha akasema kwamba uchungu anao, lakini uchungu haumgeuzi mtu ubavu wakati vidonda vya kulala vinamwuma. Akaongeza kwamba siku za usiku wakikaa wenyewe, mumewe alikuwa amemweleza yote, kituo kwa kituo, bila kuulizwa, na kwamba hayo ndiyo mazungumzo ya kweli waliyokuwa nayo katika miaka 12 ya ndoa. Shemeji alikufa mwaka 1996. Mdogo wangu alimfuata mwaka 1998. Watoto wao 2 nililea mimi na mume wangu.

Ndiyo sababu, nikitazama nyuma, nauona mchezo ule kwa macho mawili. Kwa jicho moja naona jambo kubwa lililofanyika. Watafiti wa chuo kikuu kimoja cha Marekani, pamoja na wenzao wa hapa nchini, walifuatilia wasikilizaji mwaka hadi mwaka. Waliona kwamba mahali mchezo uliposikika, wanandoa walizungumza zaidi kuhusu uzazi wa mpango, na waliotumia njia zake waliongezeka. Mwaka 1995, katika kila wasikilizaji 100, 82 walisema kuwa mchezo uliwafanya wachukue hatua fulani ya kujikinga na UKIMWI. Kusema si kutenda, najua, lakini kwa nchi iliyokuwa haisemi, kusema kwenyewe kulikuwa kutenda.

Ili kupima hayo yote walihitaji mahali ambapo mchezo haukusikika. Waliichagua Dodoma. Kuanzia 1993 mpaka 1995, saa ya Mkwaju ikifika, mtambo wa Dodoma ulitangaza kitu kingine, na mchezo ukaanza kusikika huko Septemba 1995. Naelewa elimu ya utafiti inavyotaka. Lakini kama historia yetu ina kurasa zake tupu, hiyo ni mojawapo: miaka 2 ambayo mke na mume wa Dodoma walinunua betri zilezile na kupokea nusu saa nyingine.

Kwa jicho la pili naona upungufu wa kanuni ile ya mbaya kuvuna alichopanda. Hadithi humwadhibu mwenye kosa. Ugonjwa haukufuata hadithi. Mdogo wangu hakuwa na kituo chochote barabarani. Kituo chake kilikuwa kitanda chake cha ndoa. Mafundisho mengi ya wakati ule yalituambia tuwe waaminifu, nao wanawake maelfu walikuwa waaminifu wakafa. Kwa mtu kama yeye neno "mwaminifu" lilikuwa nusu ya kinga tu, na nusu nyingine ilikuwa mikononi mwa mtu aliyeko Tunduma. Kondomu za Salama zilianza kuuzwa nchini mwaka 1993, mwaka uleule wa Twende na Wakati. Lakini mke gani angeiweka mezani mbele ya mumewe aliyerudi safari, bila kuulizwa yeye ndiye alikuwa na nani? Hapo ndipo naona akili ya watunzi wetu. Hawakumpa Tunu hotuba. Walimpa kwanza mtaji, kisha mlango wa kutokea. Walijua kwamba mtu asiye na pa kwenda hawezi kukataa.

Mambo yamebadilika sana tangu hapo. Rais Mkapa aliutangaza UKIMWI kuwa janga la taifa mwishoni mwa mwaka 1999. Dawa za kupunguza makali zilianza kutolewa bure mwaka 2004. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2003 na 2004 ulionyesha kuwa watu wazima 7 katika kila 100 walikuwa na virusi. Ule wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha 4.4. Leo Mkwaju angeanzishiwa dawa, angenenepa, angerudi kwenye usukani. Akizimeza vizuri mpaka virusi visionekane katika vipimo, hata mkewe asingeambukizwa naye. Radio Tanzania nayo haiko tena kwa jina lile; tangu mwaka 2007 ni sehemu ya Shirika la Utangazaji Tanzania, na stesheni zimekuwa nyingi kiasi kwamba hakuna ndoa moja ya kubuni inayoweza kutukusanya sote mkekani.

Lakini dawa inatibu mwili. Swali la ndoa ya Mkwaju na Tunu halikuwa la mwili peke yake. Lilikuwa: watu wawili wanaolala pamoja miaka 10 au 20 wanadaiana nini? Wazee wetu walijibu kwamba wanadaiana uvumilivu, na kwa kawaida deni hilo lililipwa na upande mmoja. Mchezo ule ulijibu kwamba wanadaiana maneno kwanza: niambie ulikotoka, niambie unachoogopa, niulize ninachotaka. Nimekuwa katika ndoa kwa muda mrefu kuliko Mkwaju na Tunu, na nimeona ndoa nyingi za wanafunzi wangu wa zamani zikisimama na kuanguka. Sijaona jibu lililo bora kuliko hilo.

Wajukuu wa mdogo wangu hawajapata kusikia kipindi hata kimoja cha Twende na Wakati. Mmoja wao, binti, anatarajia kuolewa, na mchumba wake ni dereva wa malori ya kwenda Lubumbashi, kijana mpole mwenye adabu. Mwezi uliopita walikuja kutuamkia. Baada ya chai, binti akasema bila aibu, kijana akiwa ameketi kando yake, kwamba wamekwisha kupima wote wawili na watapima tena kabla ya harusi, na kwamba wamekubaliana kupima kila mwaka kwa sababu ya kazi ile. Kijana aliitikia kwa kichwa, akasema, "Ndiyo, bibi, ndivyo tulivyopatana." Mume wangu alimpa mkono. Mimi niliinuka kwenda kuongeza chai, maana sikutaka waone ninavyomkumbuka bibi yao.